Mlima Kilimanjaro hauonekani kutoka Serengeti

Mpiga drams wetu aliacha kuitikia katikati ya ubeti wa pili.

Mikono iliendelea kupiga, mguu ukaendelea kukanyaga, mdomo tu ndio alioufunga. Ilikuwa Ijumaa, hoteli moja ya ufukweni upande wa Mbezi Beach, na wageni wengi ama ndio kwanza wameshuka mlimani au walikuwa wanajiandaa kwenda mbugani. Meza ya mbele walikuwa wameomba "Africa" ya Toto, bendi ya Marekani. Huombwa karibu kila wikiendi, na ukishaombwa kazi kubwa ni yangu, maana mimi ndiye mpiga kinanda na wimbo wenyewe hutambulika kwa kinanda. Tulipofika pale mwimbaji anaposema Kilimanjaro unainuka kama Olympus, ule mlima wa Ugiriki, juu ya Serengeti, nikasikia sauti ya pili haipo.

Wakati wa mapumziko nikamfuata nyuma ya jukwaa.

"Mangi, vipi tena?"

"Kaka, mimi mtu wa Kibosho. Huo mlima nimeamka nao kila siku mpaka namaliza darasa la saba. Serengeti haipo pale. Hawa watu wametoka kuupanda juzi, halafu mimi mwenye mlima niwaimbie hivyo?"

Akatoa ufunguo wake mfukoni, akaanza kukaza ngozi ya snea, ile ngoma ndogo ya kwenye drams. Mazungumzo yakawa yameisha upande wake.

Upande wangu hayakuisha. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiupiga wimbo huu huku mikono ikifanya kazi yake na kichwa kikibishana.

## Njia ya kwenda Naabi

Mangi ana haki yake. Ukitoka Moshi unapita Arusha, Mlima Meru ukiwa kulia kwako, unakata Makuyuni, unafika Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Karatu. Unaingia geti la Lodoare, unazunguka ukingo wa Ngorongoro ambako asubuhi ukungu unaweza kukunyima hata kuona boneti ya gari, ndipo unaanza kuteremka kwenye uwanda. Na geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, bado liko mbele. Kutoka kilele cha Kibo hadi hapo, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 250. Mita 5,895 ni nyingi, lakini katikati kuna nyanda zote za juu za Ngorongoro.

Watu wengi wameishia hapo na wimbo huu: wakautia alama ya kosa, wakaendelea na maisha yao. Mimi nilishindwa kuishia hapo, kwa sababu kwenye orodha yetu ya Ijumaa kuna nyimbo zenye uongo mkubwa zaidi. Kuna wa mapenzi ambao mtu anaahidi kumshushia mwenzake mwezi, na Mangi anauimba kwa roho yake yote.

Kwa nini huu?

Nadhani ni kwa sababu ya jina. Mtu akiandika wimbo akauita Afrika, halafu wimbo huo ukapigwa duniani kote kwa zaidi ya miaka 40, anakuwa amekusemea bila kukuuliza. Na sisi tunalipwa kwa usiku mmoja kumsaidia kukusemea. Hilo ndilo lililonikaba, na kwa wiki za mwanzo nilikuwa tayari kuwaambia wenzangu tuutoe.

## Kijana wa Los Angeles

Kabla ya kuutoa nikataka kujua uliingiaje duniani.

Toto walikuwa vijana wa studio. Wengi wao walifahamiana tangu sekondari huko Los Angeles, na mchana walikuwa wakikodiwa kupiga kwenye rekodi za watu wengine. Ukisikiliza albamu ya "Thriller" ya Michael Jackson, unawasikia humo ndani: Steve Lukather kwenye gitaa, Jeff Porcaro kwenye drams, David Paich kwenye vinanda. Walikuwa mafundi ambao albamu yao wenyewe, ya nne, ilikuwa lazima iuze.

Paich, aliyeuanzisha wimbo huu, alikuwa nyumbani, mbele ya kinanda chake cha Yamaha CS-80, akitafuta ile sauti nene ya tarumbeta ambayo leo mimi naiigiza kwa kibodi ya bei nafuu. Kiitikio kilimjia karibu kizima kwa kikao kimoja. Beti zilimsumbua kwa miezi. Hakuwa amewahi kukanyaga Afrika. Alichokuwa nacho ni majarida yenye picha, filamu aliyoitazama usiku kwenye televisheni ikionyesha watu wakiteseka, na simulizi za walimu wake.

Hao walimu ndio walionifanya nikae sawasawa kwenye kiti. Paich alisoma shule ya Kikatoliki, na baadhi ya waliomfundisha walikuwa wametumikia umisionari barani kwetu. Walimsimulia kwamba walikuwa wakibariki watu wa vijijini, wakibariki Biblia zao na mazao yao, na mvua ikinyesha waliibariki pia. Kile kiitikio cha kuibariki mvua ya Afrika kimetoka hapo. Aliwauliza pia kuhusu upweke wa maisha yao, mtu mbali na kwao, asiye na mke. Ule upweke umo kwenye beti zote mbili ukisikiliza vizuri.

Jeff Porcaro alikuwa na maelezo mafupi kuliko yote: ni kijana wa kizungu anajaribu kuandika wimbo wa Afrika, na kwa kuwa hajawahi kufika, anaweza kusema tu alichokiona kwenye televisheni au anachokikumbuka.

Nilisoma maelezo hayo mara nyingi.

Mpiga drams wao alisema wazi kabisa kile ambacho mpiga drams wetu alikataa kukiimba. Kwamba anayeimba hayuko pale. Kwamba mlima ule umewekwa kichwani mwa mtu ambaye hana njia ya kujua uko upande gani. Tangu hapo nimeusikia wimbo huu kama wimbo wa Los Angeles. Ni wimbo wa mtu aliyekaa kwenye mji mkavu, mji ambao mvua yake ni ya msimu mfupi tu, akitamani mahali alipohadithiwa akiwa mtoto.

Hata bendi yenyewe haikuuamini. Lukather aliona maneno yake hayaeleweki, akasema ukipendwa atakimbia uchi barabara ya Hollywood Boulevard. Wakauweka mwisho wa albamu, nyuma ya nyimbo tisa. Ulitoka kama singo mwaka 1982, na tarehe 5 Februari 1983 ukashika namba moja Marekani. Ukakaa wiki moja tu. Wiki iliyofuata "Down Under" ya Men at Work, iliyokuwa imeng'olewa, ikarudi mahali pake.

## Mwaka uleule, hapa

Sasa weka hiyo Februari 1983 pembeni ya Dar.

Televisheni Tanzania Bara ilikuwa bado miaka kumi na zaidi kuja. Yule kijana wa California alikuwa akiiona Afrika usiku kwenye kioo wakati watu wa Temeke hawajawahi kujiona kwenye kioo chochote. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 na ulifunguliwa Novemba ya 1983. Sabuni na sukari zilikuwa za foleni, na mwaka huohuo Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi.

Na muziki ulikuwa mwingi ajabu. DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, walikuwa na Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule mbele ya kipaza sauti, Michael Enoch akipanga sauti za tarumbeta na gitaa. Wakienda Radio Tanzania kurekodi, bendi nzima inaingia, inapiga wimbo kuanzia mwanzo mpaka chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea, na kilichonaswa ndicho kitakachorushwa. Nchi nzima ilisikia. Nje ya ukanda huu, karibu hakuna.

Ninapofika hapa ndipo hasira inaporudi, na sitaki kuificha. Wimbo wa mtu asiyewahi kufika ulivuka bahari zote. Nyimbo za watu waliokuwa hapa, wanaojua mvua, mirathi, wivu na nauli ya basi, zilibaki kwenye mikanda ya maktaba ya redio. Kosa hilo si la Paich. Lakini lipo, na mgeni anayeniomba "Africa" hawezi kuniomba wimbo wa Sikinde kwa sababu hakuna aliyemwambia upo.

Kuna waliokuja kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi ya Kiswidi, Archimedes Badkar, ilirekodi albamu pamoja na Afro 70 ya Patrick Balisidya. Gitaa zimekaa upande kwa upande, mtu anasikia mwenzake alipo. Haikushika namba moja popote, na mimi naithamini sana.

## Mkanda

Kilichonizuia kuutoa ni drams.

Mangi ndiye aliyenifanya nisikilize. Tuko mazoezini Sinza, spika moja inakoroma, akaniambia, "Maneno tuache. Sikiliza mkono." Akaweka wimbo kwenye simu, akaufunga kwenye sekunde zile za mwanzo, kabla hata kinanda changu hakijaingia.

Pale kuna watu wawili. Porcaro na Lenny Castro, ambaye alikuwa kwenye tumba, walikaa studio wakapiga mfululizo kwa muda mrefu, mdundo mmoja, bila kubadilisha. Halafu wakasikiliza mkanda wote kutafuta sehemu fupi iliyokaa kuliko nyingine. Wakaikata, wakaunganisha ncha mbili za mkanda ukawa duara, ukaachwa uzunguke. Mashine za kujipigia ngoma zilikuwa zimeshaanza kuuzwa. Wao walitaka mikono ya watu ijirudie. Juu ya duara hilo Porcaro akaja kupiga drams zake. Baba yake, Joe, akapiga marimba kubwa ya mbao. Porcaro alikuwa amewahi kusikia wapiga ngoma wa Kiafrika akiwa mtoto, kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964–65, na alisema aliona kwa mara ya kwanza watu wakishikilia mdundo mmoja bila kuuacha mpaka ukawabeba.

"Huyu," Mangi akasema, "alikuwepo."

Nilimwelewa. Mwandishi wa maneno alikuwa mbali, ila huyu wa ngoma alikuwa amesimama mbele ya watu halisi akawasikiliza. Alifariki Agosti 1992 akiwa na miaka 38. Mangi hupiga ule mdundo kwa tahadhari ambayo hana kwenye wimbo mwingine wowote: matoazi ya kushoto yakiguswa laini sana, snea imeshushwa, tumba za mwenzake zikiachiwa nafasi. Ukimwangalia bega, halipandi kabisa.

Sehemu inayonipa shida mimi ni ile solo ya katikati. Kwenye rekodi ni kinanda cha Yamaha GS-1 kikiigiza marimba ya vidole. Mimi ni Mgogo, nimekulia Kongwa. Marimba nimeisikia ikipigwa na wazee waliokaa chini, miguu imenyooshwa, vyuma vimefungiwa vipande vya bati ili vitoe ule mlio wa kukwaruza. Mwaka ambao Toto wanatengeneza sauti ile kwa umeme, Hukwe Zawose, mtu wa Dodoma, alikuwa Bagamoyo, safari ya asubuhi tu kutoka hapa, akiipiga kwa namna ambayo hakuna kinanda kitakachoifikia. Baadaye dunia ilimsikia kidogo, mpaka akarekodi kwenye studio za Real World kule Uingereza. Solo ya GS-1 ni nzuri na safi. Usafi wenyewe ndio unaoniambia aliyeitengeneza hakuwahi kukaa karibu na ile bati.

## Kigogo na Kongwa

Aprili, masika yamechachamaa, tulikuwa hotelini tukisubiri watu ambao hawakuja. Mvua ilianza saa mbili. Wahudumu wakahamisha meza, wageni wachache wakasogea chini ya makuti, na mmoja wao, kwa furaha ya kweli, akaomba wimbo wa mvua.

Tukaupiga. Wakaimba nasi wakiwa wamenyoosha mikono nje ya paa.

Dada mmoja wa huduma alikuwa amesimama karibu na spika yangu, anaangalia simu kila baada ya dakika. Tulipomaliza akaniuliza, "Kaka, huo wimbo unasemaje?"

"Anaibariki mvua ya Afrika."

Akafikiri. "Basi huyo hajalala Kigogo."

Anaishi Kigogo, karibu na bonde la Msimbazi, ana watoto wawili waliokuwa nyumbani na bibi yao. Wasomaji wa Dar mnajua kilichokuwa kwenye ile simu. Jangwani ikijaa, barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unasimama, na wengi walioko kazini hukosa njia ya kurudi. Desemba 2011 mvua ya siku chache, ambayo ilisemekana haijaonekana mfano wake tangu uhuru, iliua takriban watu 40, na familia za bondeni zikapelekwa Mabwepande. Tangu hapo, wingu jeusi likitanda, kuna nyumba ambazo watu hulala na viatu miguuni.

Usiku uleule, nikiwa nafunga nyaya, mama akapiga simu kutoka Kongwa.

"Huku imenyesha, mwanangu. Imenyesha hasa."

Ukiwa Mgogo hiyo sentensi haihitaji maelezo. Kanisani kwetu mvua huombewa kwa jina, Jumapili baada ya Jumapili, na ikija watu husimama nje wakalowa makusudi. Nimeona mchungaji akiibariki. Nimemwona kwa macho yangu, amefumba macho, kola imelowa, mtama ukiwa umeshaanza kujikunja shambani. Wale walimu wa Paich hawakumdanganya.

Kwa hiyo ndani ya saa mbili, chini ya wingu moja la masika, nilikuwa na watu wawili ninaowaheshimu, na kiitikio kilikuwa kweli kwa mmoja na cha kuumiza kwa mwingine. Wimbo wa mtu aliye mbali hauwezi kubeba vyote viwili. Umechukua mvua aliyosimuliwa, mvua ya mchungaji, na umeichukua kwa moyo safi. Mvua ya Kigogo hakuna aliyemsimulia.

Mwaka 2019 msanii mmoja aliweka spika sita na kicheza muziki kinachotumia umeme wa jua katikati ya jangwa la Namib, ili wimbo huu uimbwe pale milele bila msikilizaji. Watu waliifurahia sana habari hiyo. Mimi ilinisononesha. Bara lina watu, na wengine wamesimama karibu kabisa na spika, wanauliza unasemaje.

## Tulipofikia

"Africa" bado iko kwenye orodha. Mangi bado haitikii ule mstari, na nimeacha kumuuliza. Mwimbaji wetu anauimba peke yake, na mimi kwenye kinanda nashusha sauti kidogo hapo ili pengo lisikike kama limepangwa. Solo ya katikati nimeanza kuitia ule mkwaruzo. Kibodi yangu haina sauti hiyo, kwa hiyo fundi wa Kariakoo amenikatia vipande vya bati, nimevifunga kwenye marimba ya babu, naiweka mbele ya maiki na kuipiga kwa mikono. Wageni wengine hugeuka kuangalia, wengine hawaoni tofauti.

Kitu tunachobishania sasa ni kingine. Mangi anataka tuwe na wimbo wetu wa mvua, tuupige mara tu baada ya huo. Mdundo upo: ameanzia kwenye duara la Porcaro, akalivunja katikati kama Sikinde wanavyoingia chemko. Mimi nina kiitikio chenye mvua ya Kongwa. Ubeti wa kwanza ni wa Kigogo, na niliuandika mwenyewe: maji yanabisha hodi mlangoni usiku, mama anainua watoto kitandani.

Wiki iliyopita nilimsomea yule dada wa huduma kabla ya shoo. Alisikiliza mpaka mwisho, trei mkononi.

"Kaka, maji hayaji mlangoni," akasema. "Yanaanzia chooni. Unasikia choo kinacheua, ndipo unajua. Mlangoni yakifika wewe umeshakuwa juu ya meza."

Mangi ameufuta mstari wangu wa kwanza. Tunatafuta namna ya kuliimba neno "choo" kwa noti mbili.